Dawa ya Mwenzio Si Dawa Yako

Ndugu zetu Waislamu, leo twaandika kukiri kosa letu wenyewe, ili nanyi mpate kujihadhari nalo.

Mwaka 2011, watu kwa maelfu walipomiminika huku kwetu Sale, katika kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, sisi tulikuwa miongoni mwa waliowastaajabia. Tulisema: Vipi mtu mwenye maradhi ya miaka atafute dawa ya kumponya kwa siku moja? Hatukujua kuwa nasi zamu yetu ingefika.

Tuna pumu ya ngozi mikononi, ngozi ngumu yenye mipasuko, iwashayo usiku na kuchoma kila tukitawadha. Daktari alitupa marhamu kali, nayo ikatutuliza. Basi mama wa mwanafunzi wetu mmoja alipotuonyesha uso wa bintiye, mwenye maradhi hayo hayo, tukampa marhamu yetu. Aliipokea bila ya swali, kwani imetoka mkononi mwa mwalimu.

Juma la kwanza uso ukatakata, nasi tukashukuriwa. Baada ya miezi kadhaa ngozi ya mashavu ikawa nyembamba, mishipa ikaonekana. Na mama alipoacha kumpaka ghafula, uso ukawaka wekundu kuliko mwanzo.

Tukafuatana nao mpaka Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna chuo cha matibabu ya ngozi katika hospitali ya KCMC. Daktari hakutukemea, alitufahamisha. Marhamu ile ni dawa ya jamii ya homoni. Homoni hutolewa na tezi za mwili, ikachukuliwa na damu kuviamrisha viungo. Na ile ya tezi zilizo juu ya figo hutuliza uvimbe na mwasho. Ngozi nene ya kiganja huihimili dawa iliyo kali, lakini ngozi ya uso wa mtoto huinywa kwa wingi na kudhoofika. Na ikizoeleka kisha ikaachwa ghafula, uvimbe hurudi kwa nguvu.

Mama alitaka kuzitupa dawa zote za namna hiyo. Daktari akamkataza, akampa iliyo nyepesi kwa siku chache, na mafuta ya kulainisha ngozi kila siku. Maradhi haya hutulizwa kwa subira.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, naye ametufundisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake. Hadithi hiyo tumeisomesha miaka mingi, na siku iliyotuhusu tuliisahau.

Basi enyi wazazi, dawa za homoni ni neema mikononi mwa wajuzi. Msizikimbie, wala msiazimane. Na akikupeni mwalimu, muulizeni: Nani aliyekuamuru?

Binti yule sasa yumo katika Juzuu Amma, na mashavu yake yangali na alama. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, naye binti atusamehe. Amin.