Jioni za Mafuta ya Nazi

Kama umewahi kumwuguza mtu wa saratani, basi unaijua hali ya kuketi kando ya kitanda huku mikono yako imekosa kazi. Mimi ilinipata nyumbani kwetu Roret, huko kwenye majani chai ya Kericho, mama alipougua saratani ya umio, maradhi yanayowasumbua watu wengi huku kwetu na Bomet.

Katika Hospitali ya Tenwek aliwekewa mrija wa waya kwenye umio, uji ukapita. Maumivu na kukosa usingizi vikabaki.

Ndipo jirani yetu, hodari wa kuchua misuli, alipofika na mafuta yake akitaka kuusugua uvimbe wa shingoni ati usambae. Nilimzuia. Akaondoka amenuna, na kijiji kizima kikanisema.

Lakini muuguzi alikuwa amekwisha kunionya. Uvimbe haukandwi, wala ngozi iliyochomwa na miale, wala mfupa ambao saratani imeufikia, kwani waweza kuvunjika. Mguu mmoja ukivimba ghafla usiuguse, mpeleke mgonjwa kwa daktari. Huenda damu imeganda ndani, na bonge hilo likisukumwa huenda mapafuni.

Basi kulibaki nini? Viganja na nyayo, tena kwa wepesi, kama umpakaye mtoto mchanga mafuta.

Jioni ya kwanza mama aliona haya. "Mwanangu, tangu lini mtoto akamkanda mzazi?" Nilipasha mafuta ya nazi viganjani nikaanza na vidole vyake, vigumu kwa miaka mingi ya kuchuma chai. Dakika 15 tu. Jioni ya nne alininyoshea mguu mwenyewe kabla sijaketi!

Asikudanganye mtu kwamba kukanda kunaponya saratani. Hakuponyi. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa saratani huko Marekani mwaka 2022 unasema tu kwamba kwaweza kuwapunguzia maumivu wagonjwa walio katika huduma ya kutuliza. Mofini ya mama haikuachwa hata siku moja.

Yule jirani alirudi baada ya majuma mawili, akasimama mlangoni akitazama. Nikamsogezea kigoda. Akauchukua mguu wa kushoto, mimi wa kulia, nami nikamwonyesha asibonyeze. Hatukuwa tumemaliza mama alipoanza kukoroma.