Makanisa Mawili Yasiyolingana

Nilizaliwa Tanga, baba yangu akiwa karani wa reli. Nilisoma, nikapata ufadhili wa kwenda Roma, nikaoa huko, nikafanya kazi ya kupima na kuchora majengo ya kale hadi nilipostaafu mwaka huu. Ninalotaka kulieleza hasa ni Piazza del Popolo, na mwalimu aliyenifundisha kuutazama uwanja huo.

Ukiingia kwa lango la kaskazini, barabara tatu zinatawanyika mbele yako: Via del Corso katikati, Ripetta kulia, Babuino kushoto. Baina yake yamesimama makanisa mawili, Santa Maria di Montesanto na Santa Maria dei Miracoli, ambayo Carlo Rainaldi alianza kuyabuni miaka ya 1660. Kwa macho ni mapacha. Mwalimu akatupa futi ya kamba, akasema: pimeni. Vipimo vikakataa. Kiwanja cha Montesanto ni chembamba, hivyo kanisa hilo likapewa kuba la umbo la yai, lililorefuka kwenda nyuma. La Miracoli ni duara.

Mkubwa mmoja kazini aliuita ubunifu huo udanganyifu. Kwake mhimili ni mstari mnyoofu, na pande zake sharti zilingane kwenye karatasi. Tulibishana miaka mingi. Nilimwambia, na leo nasema vilevile: mnara wa jiwe wa Misri ulisimamishwa pale mwaka 1589 na Domenico Fontana, kwa amri ya Papa Sixtus V, miaka zaidi ya 70 kabla ya makanisa hayo. Kitovu kilitangulia, majengo yakakifuata. Anayestahili kuridhishwa ni msafiri aliyesimama langoni, wala si karatasi.

Mtu huyohuyo aliisifu Via della Conciliazione. Kuanzia 1936 nyumba za mtaa mzima zilibomolewa ili Basilika ya Mtakatifu Petro ionekane kutoka mtoni. Zamani ulipenya vichochoro vyembamba, ghafla uwanja wa Bernini ukakufungukia. Mshangao ule umeuawa! Vijana mnaochora mihimili kwenye kompyuta, kabla ya kubomoa hata nyumba moja, tembeeni kwanza kwa miguu, polepole, muone barabara inaficha nini na inakifichua wapi.

Yule mkubwa alistaafu kabla yangu. Tulipoonana mara ya mwisho alikuwa bado anatetea upana wa barabara ile, nami sikumwachia.