Kuku wa kapuni, mlo wa Jumapili Kibamba

Jumapili asubuhi, Barabara ya Morogoro inapumua kidogo. Hata baada ya kupanuliwa hadi njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, siku za kazi huwachelewesha wazazi wengi kurudi nyumbani. Wakishuka kituoni usiku, wamechoka, chakula cha haraka ni chipsi kuku za njiani, na watoto wanalala na tumbo lililojaa mafuta.

Ukiacha lami na kuingia mitaani, Kibamba ni nyingine. Hapa ni Wilaya ya Ubungo, jijini Dar es Salaam, lakini nyuma ya nyumba bado utakuta banda na kuku wa kienyeji wawili watatu. Nyama yake ni tamu ila ngumu, na kuichemsha hadi ilainike kunamaliza mkaa.

Dawa yake ni kapu. Chukua kapu kubwa lenye mfuniko, litandike blanketi kuukuu au mito ya pamba chini na pembeni. Sufuria ikitoka jikoni inachemka, ikafunikwa vizuri humo, chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe, bila moto wala moshi.

Mkate kuku vipande, toa ngozi na mafuta yanayoonekana. Usimwoshe kwa maji yanayoruka, maana yanasambaza vijidudu jikoni. Nawa mikono kwa sabuni na uoshe kisu na kibao kabla ya kukata mboga. Weka kitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, karoti na viazi. Kamulia limau, na chumvi iwe kidogo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo.

Ongeza maji hadi sufuria ikaribie kujaa, kwa sababu iliyo nusu hupoa upesi. Chemsha dakika 40 ikiwa imefunikwa, kisha iingize kapuni ikiwa bado inatokota. Acha saa tatu, zisizidi nne, na mfuniko usifunguliwefunguliwe.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kapu halizalishi joto, linalihifadhi tu. Chakula kikishuka chini ya nyuzi joto 60, bakteria huanza kuzaliana, na anayeumia kwanza ni mtoto mdogo, kwa kuwa kuhara humkausha maji haraka. Kwa hiyo usiliache kapu tangu alfajiri hadi usiku. Ukifungua, mchuzi uwe wa moto sana, kisha urudishe jikoni utokote tena kabla ya kupakua. Ukiukuta vuguvugu, usimpe mtoto. Mwenye sufuria ya umeme ya kupika taratibu ana nafuu, kwani yenyewe inaendelea kupasha muda wote.

Kwa mwenye kapu, basi, siku yake ni Jumapili. Sufuria inaingia saa 3 asubuhi, familia inakwenda kwenye ibada au kufua, na saa 6 mchana mchuzi unarudi motoni huku ugali ukisongwa na mchicha ukikaangwa. Nyama inaachia mfupa yenyewe. Kwa wadogo, ichambue kwanza, maana mifupa ya kuku ni myembamba na hukaba koo.

Mkaa uliobaki unatosha chai ya jioni.