KARAMU YA NOELI NA KAZI YAKE

Watoto wapenzi, chakula cha Noeli huliwa kwa saa moja, lakini kazi yake ni ya siku nyingi. Mimi nilizaliwa kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie. Nataka kuwaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika kwetu, mpate kujua thamani ya sahani mnayopewa.

Noeli huja wakati wa mvua. Kwa hiyo mwenye akili hangoji mwezi wa kumi na mbili. Kuni hukatwa wakati wa kiangazi na kuwekwa mahali pakavu. Ndakala nao hununuliwa mapema. Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa nuru ya taa, na asubuhi huwaanika mchangani. Jua likikosekana, huoza upesi. Mama yangu aliwanunua wakati wa jua, akawatunza katika kikapu juu ya moshi wa jiko.

Kazi kubwa ni mihogo. Mihogo michungu ina sumu. Huchimbwa, humenywa, na kulowekwa siku tatu au nne, mpaka ilainike na sumu itoke. Kisha hukamuliwa, huanikwa, hutwangwa na kuchekechwa. Mvua ikinyesha, watoto huikusanya mbio. Jua likirudi, huianika tena. Ndiyo sababu mama alianza kuloweka kabla ya tarehe 15.

Msidhani kwamba siku hizo za maji ni desturi tu ya wazee. Huko Kwango, magharibi ya Congo, kuna ugonjwa uitwao konzo. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Huwapata watu wanaokula kwa muda mrefu mihogo michungu isiyolowekwa vema, bila samaki wala maharage ya kutosha. Miguu hukakamaa ghafula, wala haiponi. Kwa lugha ya Wayaka, jina hilo ni kusema: miguu iliyofungwa.

Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya Noeli, baba mkubwa alitufikia bila habari, pamoja na watu tisa. Tulifurahi sana, maana mgeni hafukuzwi. Lakini unga ulikuwa wa watu wa nyumbani tu. Majini mlikuwa na mihogo mingine, ya kula baada ya sikukuu. Mama mdogo akasema: « Yaya, tuitoe ile tuliyoloweka jana, tuikaushe juu ya moto. »

Mama akajibu: « Hapana, mdogo wangu. Karamu haba huleta aibu ya siku moja. Karamu ya sumu huleta kilio. »

Mihogo ikabaki majini. Siku ya Noeli kila mtu alipata tonge dogo la bukari, kisha viazi vitamu na ndizi za kuchemsha. Sombe ilikuwa tele, imetwangwa vema, imechemka muda mrefu, imetiwa mawese na ndakala. Baba mkubwa alikula viazi vyake, akashukuru. Hakuna aliyelala njaa, wala hakuna aliyeugua.

Desturi za karamu yetu ni njema: kunawa mikono pamoja, kusali, kumpelekea jirani mzee chakula chake kabla ya sisi kuonja. Lakini moja si njema. Wanawake waliopika walikula mwisho, chakula kikiwa kimepoa, na mara nyingine kimebaki kidogo. Aliyeinama juu ya kinu tangu alfajiri, je, si yeye mwenye njaa kuliko wote?

Basi, watoto, Noeli ikikaribia, msingoje kuitwa. Wavulana, kuteka maji si kazi ya dada zenu peke yao. Shikeni ndoo, shikeni na mchi. Na chakula kikiiva, mwekeeni mama sahani yake kikiwa bado cha moto.

Maswali
1. Kwa nini ndakala hununuliwa mapema?
2. Mihogo michungu hulowekwa siku ngapi, na kwa sababu gani?
3. Mama alikataa shauri gani? Eleza maneno yake.
4. Wewe utafanya kazi gani nyumbani kabla ya Noeli?