Kikoa Kimoja, Dar Hadi Mikumi

Nilipoanza kazi kitengo cha TEHAMA niliamini kwamba kila kituo cha kampuni kinastahili kikoa chake, yaani daftari lake la watumiaji na kompyuta. Makao makuu Dar es Salaam na chake, ghala la Kilosa na chake, nyumba ya wageni ya Mikumi na chake. Ndivyo nilivyoukuta mtandao, na ndivyo walionitangulia walivyonifundisha. Mameneja nao walipenda kuliona jina la kituo chao kwenye skrini kila asubuhi.

Imani hiyo ilikuwa na asili yake. Enzi za Windows NT, daftari la watumiaji lilikuwa na ukomo wa ukubwa, na hukuweza kumkabidhi fundi sehemu tu ya usimamizi. Ukitaka mamlaka yagawanyike, ulilazimika kugawa vikoa. Active Directory, saraka ya mtandao ya Microsoft, ilipokuja na Windows 2000, hayo yaliisha. Kikoa kimoja kinabeba watumiaji mamilioni, na ndani yake unapanga vitengo, kila kimoja na msimamizi wake. Sababu kubwa iliyosalia, kwamba huwezi kuweka masharti tofauti ya nywila ndani ya kikoa kimoja, iliondoka na Windows Server 2008. Mazoea ndiyo yaliyobaki, kwetu na kwa kampuni nyingi ninazozifahamu.

Aliyenibadilisha ni dada mmoja wa stoo, aliyehamishwa kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Ni wilaya moja hiyo. Kwa mtandao wetu zilikuwa nchi mbili. Alikaa mezani pale mapokezi, malori ya Zambia yakitikisa vioo kila yanapopita, akaandika jina lake na nywila yake. Ikakataa. Akarudia polepole, kidole kimoja kimoja. Ikakataa.

“Kaka, mbona hainijui?”

“Hapa ni kikoa kingine, dada. Inabidi nikufungulie akaunti mpya.”

Nikamfungulia. Mafaili yake yakaja kwa flashi, ruhusa nikampa upya moja baada ya nyingine, nywila mpya akaiandika kwenye kikaratasi akakibandika chini ya kibodi. Akaunti ya Kilosa ilibaki wazi, kwa kuwa hakuna aliyeona kuwa kuifunga ni kazi yake. Wakaguzi walipokuja wakakuta hati za kutolea mifuko ya mbolea kwenye ghala la Kilosa, zote kwa jina lake, za tarehe ambazo yeye alikuwa Mikumi akipokea wageni. Akaitwa kujieleza. Kitabu cha mahudhurio ndicho kilichomwokoa. Mfumo wetu wenyewe ulikuwa unamshuhudia uongo. Alisafishwa kwa barua, lakini wiki zile alizotazamwa kama mwizi barua haikuzifuta.

Tangu hapo naipima saraka ya mtandao kwa swali moja: mtu huyu, popote atakapopelekwa, atabaki mtu mmoja? Mfanyakazi awe na akaunti moja, inayofunguka siku anayoajiriwa na kufungwa siku anayoondoka, iwe Dar au Mikumi. Hilo haliwezekani pale ambapo kila kituo kinaandika daftari lake.

Kwa hiyo nikapendekeza kikoa kimoja kwa kampuni nzima. Pingamizi kubwa lilihusu laini. Intaneti ya Mikumi ikikatika, watu wataingiaje kwenye kompyuta kama kikoa kiko Dar? Hofu ya kweli, ila inachanganya mambo mawili. Kikoa kimoja hakimaanishi seva moja. Kila kituo tulikiandikisha kama saiti, tukakiwekea seva yake ya kikoa hicho hicho, na mabadiliko husafiri kati ya saiti kwa ratiba: mfumo wenyewe huanza na kila baada ya saa 3, nasi tukashusha hadi dakika 15. Mikumi, chumba cha seva kiko nyuma ya mapokezi na ufunguo wake unapita mikono mingi, kwa hiyo tukaweka seva ya kusoma tu, inayohifadhi nywila za wafanyakazi wa Mikumi peke yao. Laini ikikatika, hao wanaingia kama kawaida. Seva ikiibwa, nywila za mkurugenzi hazimo.

Na Kilosa? Kila mwenyeji anayakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika na kuikata reli ya kati. Kikoa cha zamani cha Kilosa kilikaa ndani ya seva moja, juu ya sakafu. Maji yangeifikia, daftari lote la kituo lingekwenda nayo. Sasa daftari lile lile liko pia Dar.

Meneja wa Mikumi hakufurahi. “Kijana, unaninyang'anya mamlaka.” Nikamwambia, “Mzee, tazama kwanza.” Msaidizi wake akakabidhiwa kitengo cha Mikumi: anabadilisha nywila zilizosahaulika, anaandikisha kompyuta mpya, hawezi kugusa Dar wala Kilosa. Zamani, mzee huyo mwenye kikoa chake alikuwa akisubiri fundi atoke Morogoro.

Jina la kikoa tulilichukua chini ya anwani yetu iliyosajiliwa ya .co.tz, wala halitaji mji wala bidhaa, maana kubadilisha jina la kikoa kinachofanya kazi ni mateso. Wapo waliotaka .local. Niliikataa: tangu Novemba 2015 watoa vyeti vya usalama wanaotambulika hawatoi cheti kwa majina ya ndani ya namna hiyo.

Pamoja na hayo, siyo kila ukuta nataka ubomolewe. Tukiingia ubia na kampuni yenye wamiliki wengine na siri zake, sitawapa kikoa cha pili ndani ya msitu wetu, yaani mkusanyiko wa vikoa vinavyoaminiana, nikajidanganya kuwa tumetengana. Kwenye Active Directory mpaka wa usalama ni msitu wenyewe, na msimamizi mkuu wa kikoa kimoja akidhamiria anaweza kuufikia msitu mzima. Hao watajenga wa kwao, na tutafungua mlango kwa yale tu tuliyokubaliana kwa maandishi.