Matuta ya Ufipa

Akaaye jangwani huihesabu likizo kwa kijani. Kila Julai, joto la Maskati lipitapo digrii 40, Waswahili wa huko hukata tiketi za Unguja, Pemba na Mombasa, tukaketi chini ya miembe. Mwaka huu niliipita pwani, nikapanda basi Mbeya, kupitia Tunduma na Laela, hadi Sumbawanga.

Huko, kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, nilipokewa na baridi ya kuvalia koti na nyasi zilizokauka hadi upeo wa macho. Mvua za Ufipa huanza Novemba zikakoma Aprili. Julai ni kiangazi. Rangi ya nchi ilikuwa ndugu ya ile niliyoikimbia.

Katikati ya ukavu huo yalijipanga matuta ya duara, safu kwa safu. Wafipa huyaita ntumba. Mzee mmoja, nilipokwisha kumwamkia, alilipasua moja kwa jembe. Ndani mlikuwa na udongo mweusi, laini.

“Haya yalikuwa majani, mwanangu,” akasema. “Tuliyafukia wakati wa mvua, tukapanda maharage juu yake. Mvua zikirudi tutayatawanya, tupande ulezi na mahindi.”

Nikaikumbuka mifereji ya Oman, aflaji, ambayo mitano kati yake iliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji huongozwa toka chini ya milima hadi mitendeni, na kila mwenye shamba ana zamu yake, iliyopimwa zamani kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Kule mkono wa mtu umeyatafuta maji. Huku umeutengeneza udongo.

Sisi wa pwani tumezoea kusema kwamba bara watu hula neema isiyo jasho. Katika masimulizi niliyolelewa nayo, bara ni pori la kupita tu. Na kweli wazee wetu walipita: karne ya 19 misafara yao ilifika pande hizi, ikitafuta pembe na watumwa. Hesabu za frasila zilirudi nao hadi barazani. Habari ya matuta haikurudi. Aliyemwona mkulima yule kuwa bidhaa angewezaje kumwuliza mbolea yake huitengeneza vipi?