Madirisha ya Darmstadt

Ndege ilitua Frankfurt asubuhi ya Januari, na mchana nikawa Darmstadt kwa dada, nimeegemea dirisha lililofungwa huku baridi ikinichoma mgongo. Ilikuwa inapita wapi? Kwetu Tanga dirisha ni nondo, wavu wa mbu na pazia, na sifa yake ni upepo linaouingiza.

"Vioo vya zamani hivyo, mdogo wangu," dada akacheka. "Kesho tunakwenda kuchagua vipya."

Dukani madirisha yalikuwa yamekatwa pembe ili mteja aone ndani. Vioo vitatu, na kati yake argoni, gesi inayopitisha joto kwa shida kuliko hewa. Nikakumbuka chupa ya chai ya mama, kuta mbili na chai moto hadi alasiri. Muuzaji akawasha kiberiti cha gesi mbele ya kioo: miali sita! Kila kioo kina nyuso mbili, na kila uso unaakisi mwali wake. Baadhi ilikuwa na rangi tofauti na mingine. Hapo, akasema, pamepakwa utando wa fedha, mwembamba hata hauonekani, unaorudisha joto chumbani. Nilimwomba awashe tena. Na tena.

Zikaja namba. U ni joto linalopotea, kwa wati, katika kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kioo kimoja peke yake ni karibu 5.8, dirisha alilolipenda shemeji, 0.8. Yaani unalipa zaidi upate namba ndogo! Ipo pia g, sehemu ya joto la jua inayoingia ndani. Upande wa kusini shemeji alitaka g kubwa, maana jua lao la baridi hupita chini na kumulika hadi sebuleni. Kulialika jua ndani, kwa hiari! Sisi tunapanda mwarobaini kulizuia.

Jioni tukapita mtaa wa Kranichstein kuona nyumba za kwanza za Passivhaus, yaani nyumba zinazohitaji joto kidogo mno la kuzipasha, zilizoanza kukaliwa mwaka 1991. Nilitarajia maajabu. Nyumba nne tu zilizoshikana, zenye vioo vingi.

Kesho yake asubuhi dada akazima vipasha joto, akafungua madirisha yote wazi, na nje theluji.

"Dada! Baada ya habari yote ile ya joto?"

"Dakika tano tu. Mvuke wa jikoni na wa pumzi zetu usipotoka, kuta zitaota kuvu."

Nikavaa koti na kofia, nikaendelea na chai yangu.